Mama Nakala na Diski Iliyovaa Soksi

Alhamisi, tarehe 27 Juni. Asubuhi ya mawingu mazito. Mvua inatishia tu, kama wakubwa wetu wanavyotishia kurekebisha paa. Kesho saa kumi jioni mtunza masjala wetu, ambaye hakuna anayemwita kwa jina lingine ila Mama Nakala, atafunga kabati la michoro kwa mara ya mwisho baada ya miaka ishirini na tisa na miezi minne ya utumishi.

Meneja aliniomba niandike wasifu wa ukurasa mmoja, "mtamu, usio na mambo ya nyuma." Sijui wasifu wa mstaafu usio na mambo ya nyuma unaandikwaje, maana miaka ishirini na tisa yote iko nyuma. Isitoshe, jarida hili ni la chama cha wafanyakazi, na uongozi hupewa kusoma kama wengine.

Nianze na jambo linalotukera wote. Katika ratiba ya kesho, Mama Nakala atapewa saa ya ukutani. Cheti cha Utumishi Mwema hatapewa, kwa sababu kanuni inasema hakitolewi kwa mwenye barua ya onyo kwenye faili lake. Barua hiyo anayo. Alipewa kwa kosa la kuokoa ofisi hii, na alipewa mapema, kabla hajaiokoa.

Alianza kazi akiwa msaidizi wa masjala, enzi michoro ya majengo ikiwa ya karatasi, inakunjwa na kutiwa kwenye mirija ya bati. Alijua mrija gani una hospitali na mrija gani una panya. Kompyuta zilipokuja, wenzake walizikwepa kama deni. Yeye alikaa mbele ya mashine ya kunakili miaka sita, akaingiza mchoro mmoja baada ya mwingine mpaka ikafika michoro elfu kumi na nane. Meneja aliyekuwapo wakati huo alipewa tuzo kwa kazi hiyo. Tulipiga makofi.

Kisha, miaka saba iliyopita, siku ya Jumanne, kompyuta ya masjala ilikata roho ikaondoka na michoro mia mbili ambayo karatasi zake zilikuwa zimekwisha kuliwa na panya. Mama Nakala alikwenda kwa meneja huyo wa tuzo kuomba mahali pa pili pa kuhifadhi, nje ya jengo. Akajibiwa, "Fanya unavyoona, mama, mradi usinisumbue." Maneno matupu, bila karatasi. Hilo ndilo kosa pekee ninalomlaumu nalo: yeye, mwenye nakala ya kila kitu, hakuchukua nakala ya maneno hayo.

Alifanya alivyoona. Katika vifaa chakavu vilivyokuwa vikiuzwa na ofisi alinunua kompyuta ambayo mafundi wetu walikuwa wameiandikia "imekufa." Ilikuwa imejaa vumbi tu. Aliisafisha kwa brashi ya kupaka rangi, akaitia diski mbili mpya na programu za bure, akaketi na kitabu cha maelekezo upande mmoja na kamusi upande mwingine kwa majuma matano. Mumewe ni seremala. Akaitengenezea kabati lenye matundu. Kwanza waliiweka stoo karibu na gunia la unga. Feni ikavuta unga, mashine ikakohoa siku tatu kisha ikazima. Wakaihamishia koridoni, juu ya rafu ya viatu, na hapo imevuma miaka saba.

Shemeji yake alicheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji, wenzako wananunua friji, wewe umenunua sanduku la kuvuma?" Mwezi haujaisha, simu yake ilitumbukia kwenye pipa la maji ikiwa na picha zote za harusi yake. Alikuja kuomboleza. Mama Nakala alimkalisha kitini, akafungua seva yake, lile lile sanduku la kuvuma, na picha zote zilikuwamo, kwa kuwa kila simu iliyoingia nyumba ile ilikuwa inaweka picha zake humo kwa ruhusa ya mwenyewe. Shemeji hajaomba radhi hadi leo, ila hafiki tena pale bila kubeba kitu. Humo humo familia ina kalenda yake, na orodha ya dawa za mama mzazi, ambayo ndugu wote watano wanaiona, hivyo hakuna anayeweza kusema hakujua zamu yake. Vyote vinakaa ndani ya nyumba. Mtandao wa nje ukikatika, dawa hazikatiki.

Michoro ya ofisi aliipa diski yake peke yake, imefungwa kwa nywila. Kila Ijumaa alinakili kazi ya wiki kwenye diski ndogo, akaivika soksi ya sufu isigongwe, akaitia kwenye bakuli tupu la chakula na kwenda nayo nyumbani. Hapa ofisini kila mtu alikuwa na neno. "Mama, leo umebeba kiporo cha ofisi?" "Soksi ya pili iko wapi, au ofisi ina mguu mmoja?" Mimi ndiye niliyesema la soksi ya pili. Tarehe ninayo kwenye daftari langu, na siioni kuwa tarehe ya kujivunia.

Yeye alikuwa akijibu kwa utaratibu. Kila Jumapili ya kwanza ya mwezi aliandika namba kwenye vipande vya karatasi, akavichanganya kwenye kikombe, akachomoa kimoja, kisha akafungua mchoro wa namba hiyo kutoka kwenye nakala na kuukagua mstari kwa mstari. Nilimwuliza kwa nini anajisumbua. Akaniambia, "Mwanangu, nakala ambayo hujawahi kuifungua ni tetesi."

Miaka mitatu iliyopita tuliletewa meneja wa sasa, mtu wa usafi na mpangilio. Katika juma lake la pili aliiona soksi. Barua ya onyo ikatoka siku hiyo hiyo, kwa "kuhamisha mali ya ofisi kwenda makazi binafsi kwa kisingizio cha usalama." Mama Nakala alitakiwa kujieleza kwa maandishi, akajieleza kurasa nne: nani alimruhusu, kwa nini nakala haikai jengo moja na kitu chenyewe, michoro imefungwaje, na siku ya msiba irudishwe vipi, hatua kwa hatua. Nyuma alibana bahasha ndogo yenye nywila, imefungwa kwa gundi. Meneja aligonga muhuri wa "Imesomwa," akatia saini, akairudisha masjala. Mama Nakala alingoja siku thelathini aambiwe aache. Hakuambiwa. Ijumaa iliyofuata bakuli likaendelea na safari zake.

Februari mwaka jana, siku ya Jumatano, meneja alileta mtaalamu mwenye tai. Wakafungua mashine mpya ya ofisi, wakakuta diski mbili zina vitu vile vile. Meneja alishtuka kama aliyekuta mwizi. "Kila kitu mara mbili! Kwani mtu ana vichwa viwili?" Mama Nakala alimweleza kwamba diski zile ni ng'ombe wa nira moja, kinachofutwa kwa huyu kinafutwa na kwa yule. Akaambiwa arudi kwenye mirija yake. Mtaalamu akabonyeza kufuta diski moja. Kwa dakika kumi na moja michoro elfu kumi na nane ilifutika pande zote mbili, na kwenye ubao wa matangazo kukabandikwa karatasi ya kutupongeza kwa nafasi kubwa iliyopatikana. Kweli ilikuwa kubwa. Ilikuwa tupu kabisa. Karatasi hiyo ninayo; atakayependa kuisoma aje dirishani kwangu.

Kesho yake saa mbili asubuhi alifika mhandisi wa shule ya wasichana ya bweni. Ukuta wa bweni ulikuwa umepasuka, mafundi wake walikuwa tayari na nyundo, naye alitaka mchoro aone nguzo zimepita wapi kabla hawajabomoa mahali pasipobomolewa. Mtaalamu mwenye tai alitafuta saa nzima. Kisha akakumbuka ana mgonjwa.

Meneja alishuka masjala mwenyewe. Sikuwahi kumwona akishuka. Alisimama mlangoni, akakohoa.

"Mama, ile tabia yako bado unayo?"

"Ipi, mheshimiwa? Ile ya kwenye barua?"

"Hiyo hiyo."

"Ninayo."

Alipewa gari la ofisi, mara ya kwanza kwa miaka ishirini na minane. Alirudi amekumbatia mashine yake kama mtoto mwenye homa, akaiweka mezani, akaichomeka. Kioo kikaomba nywila.

"Ingiza basi, mama, watu wanangoja."

"Nywila unayo wewe, mheshimiwa. Nilikuandikia."

"Uliniandikia lini?"

"Umegonga muhuri kwamba umesoma."

Nilitumwa kuleta faili. Bahasha ilikuwa pale pale nyuma ya ukurasa wa nne, gundi haijaguswa. Hakuna aliyecheka, ila dereva alitoka nje ghafla na tukamsikia akikohoa sana. Nilimnong'oneza Mama Nakala kama kweli hakumbuki nywila yake mwenyewe. Akasema, "Naikumbuka vizuri. Lakini mtu akishasema amesoma, mpe nafasi asome."

Meneja alisoma kurasa zote nne akiwa amesimama, mbele yetu, kwa sauti, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akisoma hatua na Mama Nakala akizifuata. Saa tano na dakika ishirini mchoro wa bweni ulitoka. Nguzo ilipita mahali pale pale mafundi walipotaka kupiga nyundo. Kufikia jioni michoro yote ilikuwa imerudi, isipokuwa ishirini na mitatu iliyoingizwa Jumatatu hadi Jumatano, nayo ilinakiliwa upya kutoka kwenye karatasi. Akiba haiozi.

Mtu angedhani barua ya onyo ingeng'olewa siku hiyo. Meneja alisema kuna utaratibu. Nilimkumbusha mwezi wa tatu, wa sita na wa kumi na moja. Utaratibu ulikuwa njiani. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na minne na nimejua kwamba utaratibu wa kuandika onyo unapanda ndege, na wa kulifuta unakuja kwa miguu, tena unachechemea.

Nilikuwa nimefikia hapa kuandika leo asubuhi, saa tatu, meneja aliponiita kunipa kazi ya soksi. Kuanzia kesho Ijumaa, alisema, nakala za wiki zikae kwangu, kwa kuwa Mama Nakala anaondoka. Nilimshukuru kwa kuniamini. Nikamwambia pia kwamba sitagusa diski hadi niandikiwe ruhusa, maana barua ya onyo mimi siitaki, na kwamba ruhusa itaje kazi ninayoirithi: ilianza lini, ilifanywa na nani, kwa idhini ya nani. Hati ya makabidhiano ina mstari wa kitu hicho, na mstari ulikuwa mtupu.

Alibaki na hati siku nzima. Akiandika kwamba hakuna aliyeidhinisha, basi ofisi inaendeshwa kwa mali ya wizi, na yeye ndiye aliyetuma gari kuichukua. Akiandika kwamba iliidhinishwa, basi onyo lilikuwa la nini? Saa kumi na dakika kumi jioni, mvua ikiwa imeanza hatimaye, aliandika "kwa idhini ya uongozi, kwa miaka saba," akatia saini. Barua ya kufuta onyo ikafuata baada ya robo saa. Ilikuwa na mistari mitatu. Utaratibu ulikuwa umefika.

Niliipeleka masjala nikikimbia. Mama Nakala hakulia wala hakuruka. Aliisoma yote hadi muhuri, akaniomba niitoe nakala tatu: moja ya faili, moja ya nyumbani kwake, na moja ya nyumbani kwangu, "kwa sababu jengo hili nalijua." Kisha akaisoma tena ile nakala ya tatu, neno kwa neno, kuhakikisha kwamba inafunguka.

Kwa hiyo ratiba ya kesho ina marekebisho. Cheti kipo. Saa ya ukutani apewe meneja, imsaidie kuhesabu miezi kumi na sita ya utaratibu wake.

Mama Nakala, asante kwa michoro elfu kumi na nane, asante kwa wasichana waliolala chini ya ukuta uliobaki umesimama, na utusamehe vicheko, hasa changu. Nenda ukapumzike na fundi wako wa mbao. Simu za shemeji zisizame tena, orodha ya dawa za mama iendelee kusomwa na wote watano miaka mingi, na feni yako ivute hewa safi tu. Tunakutakia siku ndefu zenye nakala.

Diski imefika kwangu salama, ndani ya soksi yake. Nimefungua mchoro mmoja kwa kuchomoa karatasi kikombeni, umefunguka. Sasa ni saa tatu na nusu usiku, naenda kulala.