Santo Andama na Nusu Gunia la Chokaa

“Mistari ya Kamisi iko nyeupe kuliko yangu! Yeye anachora na maziwa, ama nini?”

Hayo ni maneno ya marehemu Santo Andama, mwezi wa Agosti mwaka 1974, akiwa amesimama mlangoni kwake hapa Adumi na ndoo ya majivu ya kuchorea uwanja mkononi. Mkewe Paska alimjibu, “Baba Drateru, wacha mistari ya watu. Kuja kula, chakula inapoa.” Hakula. Waliomjua hawatashangaa. Tumekuja kumzika mtu mkarimu, mchapakazi, mwenye mbio kama swala. Lakini tukisema hakuwa na wivu, yeye mwenyewe atainuka kutubishia.

Marehemu alizaliwa Adumi tarehe 3 Machi 1950, kwa kadi ya ubatizo. Mama yake alisema ni tarehe 5, na kwa jambo la kuzaa, mama ndiye aliyekuwepo. Alikuwa mtoto wa nne wa mzee Yosefu Andama na mama Drateru. Alipokuwa na miaka sita, ndugu yake aliugua surua akapewa yai la kuchemsha. Santo akajilaza siku mbili, mzima kabisa, akidai surua yake na yeye. Yai hakupewa. Alipewa fimbo, akapona siku hiyohiyo.

Alisoma shule ya misheni Ediofe kuanzia mwaka 1958, akafika darasa la nane mwaka 1966, karo ikakatika. Alikuwa akienda shule na kurudi kwa mbio, miguu mitupu, akiwapita wenye baiskeli kwa makusudi. Mwaka 1967 aliajiriwa kupima mizigo katika ghala la tumbaku, akakaa hapo miaka sita. Jioni aliwakusanya vijana wa ghala, akawafungia mpira wa matambara na kamba za mgomba, akawachezesha mpaka giza. Hakulipwa hata senti. Alisema mtu aliyebeba mizigo kutwa nzima anahitaji kukimbia bila mzigo, basi.

Alifunga ndoa na Paska kanisani Ediofe, Jumamosi tarehe 1 Januari 1972. Siku hiyo alimwonea wivu mpiga adungu, kwa sababu bibi harusi alitazama kile kinubi kwa muda mrefu. Baadaye Paska alieleza kwamba uzi mmoja ulikuwa umekatika, ndiyo maana alikuwa akitazama. Santo alimwamini mwaka uliofuata.

Desemba 1973 alichaguliwa kusomea kazi ya michezo na burudani ya jamii, mafunzo ya mwaka mmoja mjini Arua. Walikuwa wanafunzi kumi na wawili, wakaanza Jumatatu tarehe 14 Januari 1974. Watu walicheka: mtu mzima, mke ana mtoto mgongoni, anakwenda kusomea kucheza? Lakini walijifunza kupima uwanja kwa kamba, kumfunga aliyevunjika mguu, kutengeneza mpira pasipo na duka, kumtoa mzee kwenye kiti na mama jikoni ili nao wacheze. Mwalimu wao, Bwana Enoch, hakujali nani kashinda. Alipita katikati ya watu na daftari lake akisema, “Mimi sihesabu mabao. Nahesabu mashati yaliyoloa.” Mtihani wa mwisho ulikuwa huo: kila mwanafunzi aandae siku ya michezo kijijini kwake, na alama zitolewe kwa idadi ya waliotoka jasho. Watazamaji hawakuhesabiwa.

Katika hao kumi na wawili alikuwemo Kamisi Lukumani wa Abuku, Koboko. Kijana mpole, Mwislamu, mtoto wa askari, mwenye mwandiko mzuri. Santo alimwonea wivu wa mwandiko wiki ya kwanza, wa baiskeli wiki ya pili, na kufikia Pasaka alikuwa akimwonea wivu wa upole. Wao wawili tu ndio waliokuwa wakipokezana nafasi ya kwanza darasani. Kamisi alifanya mtihani wake mapema Agosti. Mjomba wake alikuwa mjenzi, akampa gunia zima la chokaa, na uwanja wa Abuku ukachorwa mistari iliyoonekana kutoka barabarani. Santo alikwenda kutazama. Alirudi akisema yale ya maziwa.

Basi hapo ndipo alipomwaga yale majivu. Akaenda kwa dada yake Viktoria, akachukua beseni la unga wa muhogo, unga mkavu, mweupe, uliokuwa umesagwa kwa ajili ya wageni wa ubatizo. Hakuuliza. Jumamosi tarehe 17 Agosti 1974, alfajiri, alichora uwanja wote wa Adumi kwa unga huo. Haki isemwe: ulipendeza. Bwana Enoch alipofika alisimama akavua kofia.

Lakini hapa Adumi hakuna mtu anayemwaga muhogo chini halafu akategemea mbuzi waende kanisani. Alikuja mmoja, wakaja saba, wakaja wa kijiji kizima. Mbio za akina baba zilipoanza, njia ya tatu ilikuwa imelambwa yote, na wakimbiaji wakageukia njia ya nne, wakagongana, wakaanguka juu ya beberu. Akina mama hawakucheza hata mmoja, walikuwa wamekaa chini wakilia kwa kicheko. Viktoria peke yake hakucheka. Alisimama katikati ya uwanja akauliza, “Santo, wageni wangu watakula mstari gani?”

Bwana Enoch alihesabu mashati thelathini na moja. Chini yake akaandika: mbuzi wameshiriki vizuri. Akampa marehemu nafasi moja tu ya kurudia, tarehe 14 Septemba. Akishindwa tena, arudi ghalani kupima tumbaku.

Zilikuwa siku mbaya kwake. Alikwisha kuacha kazi ghalani, mtoto alikuwa na miaka miwili, na kijiji kizima kilikuwa kikimwita Baba Mbuzi. Wiki moja kabla ya kurudia mtihani, yeye akiwa mjini, Kamisi alifika Adumi kwa baiskeli, na nyuma amefunga nusu gunia. Alimwambia Paska, “Mama, hii ilibaki kwangu. Mupatie rafiki yangu. Jina yangu usitaje, atarudisha.” Paska hakutaja. Lakini gunia lilikuwa limeshonwa kwa uzi mwekundu, na Santo alikuwa ametazama gunia hilo kule Abuku kwa nusu saa nzima, kwa jicho la wivu, kwa hiyo alilifahamu kama sura ya jirani. Alijua. Akachora.

Safari hii walitoka jasho watu mia tatu na arobaini. Bibi vikongwe walivuta kamba dhidi ya wakwe wa wajukuu zao, mzee Yosefu alikimbia na yai kwenye kijiko, hata Viktoria alirusha mpira wa wavu, ingawa alikuwa bado amekasirika. Marehemu alifaulu, akawa wa pili. Wa kwanza ni nani, mnajua.

Siku ya kupewa vyeti, kila mmoja aliambiwa amshukuru aliyemsaidia. Santo alimshukuru Mungu, akamshukuru Paska, akamshukuru Bwana Enoch, akawashukuru hata mbuzi, watu wakapiga makofi. Kamisi alikuwa amekaa mstari wa mbele, mikono magotini. Jina lake halikutajwa.

Kwa miaka minne marehemu alifanya kazi ya michezo upande wa Arua, na Kamisi upande wa Koboko. Kila aliyetoka Koboko aliulizwa na Santo kabla hajapewa maji: “Kamisi ana timu ngapi za akina mama sasa?” Akisikia sita, mwezi haukwisha kabla hajaanzisha ya saba. Kamisi alipowachezesha vipofu mpira wenye njuga, Santo alizitafuta njuga soko zima. Leo tuna uwanja Adumi, wasichana wetu wana mpira wao, na wazee wana mashindano yao ya bao kila Jumapili baada ya misa. Wivu huo umetulisha, tusiuseme vibaya sana. Lakini kumsalimia Kamisi hakumsalimia. Wakikutana mkutanoni, aliangalia viatu.

Oktoba 1978 alianza kuugua ini. Macho yakawa manjano, tumbo likavimba. Alilazwa hospitalini Arua tarehe 20 Novemba. Siku zile petroli haikupatikana, magari yalikuwa ya shida, na wengi hawakuweza kufika kumwona. Jumamosi tarehe 30 Desemba, saa nne asubuhi, Kamisi alitokea mlangoni, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa ameendesha baiskeli kutoka Koboko.

Santo alimwambia, “Umekuja kuhesabu shati langu?”

“Nimekuja kukuona, ndugu. Timu yako ya akina mama ilitupiga tatu kwa moja. Mpaka leo nasikia uchungu.”

Santo alicheka mpaka Paska akamshika mgongo. Kisha akamvuta Kamisi mkono.

“Kamisi. Ile chokaa.”

“Chokaa gani?”

“Usinichezee mimi. Nusu gunia, uzi mwekundu. Bila hiyo mimi niko ghalani mpaka leo. Nilijua siku ileile, lakini mdomo ulikataa kutoa jina lako.”

“Wacha, Santo. Ilikuwa ya bure. Nimesamehe zamani.”

“Ona huyu! Hata kusamehe anataka kuwa wa kwanza!” Akageuka kwa mkewe. “Paska, sitaki kusamehewa. Mumlipe. Na mbele za watu, ili jina lake litajwe.”

Alifariki Jumanne tarehe 9 Januari 1979, saa kumi na moja alfajiri, Paska akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane.

Ameacha mjane, Paska. Watoto wawili, Drateru, aliyepewa jina la bibi yake, na Enoch mdogo. Wazazi wake mzee Yosefu na mama Drateru. Ndugu watano, akiwemo Viktoria. Pamoja na timu saba za akina mama, ambazo zimesimama kule nyuma na sare zao.

Bwana ampokee, ampe kiti kizuri, asije akaanza kutazama cha jirani.

Na jambo moja ambalo marehemu aliagiza lisomwe kwa sauti: aliyemsaidia ni Kamisi Lukumani wa Abuku. Asubuhi hii, kabla ya misa, Paska alimkabidhi nusu gunia la chokaa. Kamisi alikataa mara mbili. Mara ya tatu alilipokea kwa mikono miwili, akalifunga nyuma ya baiskeli yake.