Bibi Yeshimebet na Sindano ya Saa Moja

Mababa mapadri, wazee wetu, ndugu na majirani, ukoo umenituma mimi, Alemayehu, mpwa wa marehemu, nisome historia hii, na nikikwama naomba mnivumilie.

Bibi Yeshimebet Admasu alizaliwa hapa Debre Tabor tarehe 12 Januari 1956, akasoma hadi darasa la nne, akaachishwa shule mwaka 1967 ili asaidie nyumbani, jambo alilolilalamikia maisha yake yote. Alisokota pamba na kuuza shuka sokoni kila Jumamosi kwa miaka arobaini, na kama yupo hapa aliyewahi kupunguziwa bei, ajitokeze tumwone. Tarehe 6 Februari 1972 alifunga ndoa na fundi mwashi Gebeyehu, aliyemtangulia mwaka 2008, wakajaliwa watoto watatu, mmojawao Workinesh, afanyaye kazi Bahir Dar, ambaye binti yake, Fikirte, alilelewa na Bibi tangu akiwa mchanga.

Juni 2015, akiwa na miaka sita, Fikirte alikonda, akawa anakunywa maji kiu isikatike, na hospitali wakasema ni kisukari cha utotoni, bila sindano za insulini kila siku hataishi. Bibi alijifunza kudunga kwa kutumia ndimu, dawa akaitunza katika chungu kilichozungukwa na mchanga mbichi, sindano saa moja asubuhi na saa moja jioni, nasi sote tukala kwa saa ya mtoto. Lakini Ijumaa Kuu, tarehe 29 Aprili 2016, Fikirte akiwa ameshatimiza miaka saba, umri wa kuanza kufunga, Bibi alimdunga kama kawaida, akampeleka kanisani bila chakula, na mtoto akaanguka akitetemeka, akaokolewa kwa asali. Padri alimwambia, "Mama, mgonjwa hafungi, nani alikutuma umfungishe?" Bibi alilia wiki nzima, na hakujisamehe kamwe.

Novemba 2022 shinikizo la damu lilimpoozesha mkono wa kulia. Hakuyahofia mauti yake, alihofia kilio cha msiba wake, akatuambia, "Nyie nawajua, mtagaagaa chini mumsahau mtoto."

Alfajiri ya leo, Alhamisi, tarehe 9 Machi 2023, alifariki nyumbani kwake, nasi tukagaagaa, na kweli tulimsahau. Ilipofika saa moja, Fikirte aliingia jikoni peke yake, akapima sukari, akajidunga, akala mkate wa injera na dengu huku machozi yakimdondokea, akamaliza, ndipo akaja kulia. Nimesikia minong'ono kwamba binti anakula asubuhi, Kwaresima hii, na maiti iko ndani. Walionong'ona siwalaumu, ila wajue kwamba Bibi alihangaika karibu miaka minane ili mtoto huyu aweze kula asubuhi ya leo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, chama chetu cha mazishi, majirani mliochota maji na kusimamisha hema, na wenzake wa sokoni waliofunga biashara leo.

Pumzika kwa amani, Bibi, Fikirte amekula.