Zéphirin Kalonji na flipa ya cercle

Wasikilizaji wapendwa wa Likasi, na nyinyi wa Kambove mnaotupata vizuri, kaeni kidogo na mimi, Ruffin wenu. Leo namkumbuka fundi umeme Zéphirin Kalonji. Wengi mlimwita Baba Laure. Alifariki mwezi wa tano mwaka 1993, hapa hapa Likasi, kwenye stesheni ya treni. Sasa ni miaka mitano. Binti yake Laure ameniandikia barua kutoka Mwene-Ditu, huko Kasai, ninayo mezani. Anaomba baba yake atajwe redioni. Basi namtaja.

Zéphirin alizaliwa Likasi. Baba yake ndiye aliyeletwa kutoka Kasai kufanya kazi ya mgodi. Yeye mwenyewe Kasai hakuwahi kuiona, hata siku moja. Alioa Adrienne, binti wa Kisanga, mwenyeji wa hapa, mwenzake wa kwaya ya parokia. Katika kiwanda cha mgodi alifanya kazi miaka kumi na minane. Halafu mishahara ikakatika, kiwanda kikalala, na fundi akabaki na koleo mfukoni.

Kilichobaki kumhitaji kilikuwa flipa ya cercle, ile klabu ya wafanyakazi. Mnaikumbuka? Meza yenye kioo juu, mpira wa chuma unakimbia ndani, kengele zinalia, na wewe unaurudisha mpira kwa vile vikono viwili. Ililetwa tangu enzi za Wabelgiji, mji huu ukiitwa Jadotville. Ndani yake ni nyaya tupu, bobini za waya ulioviringwa, na vipande vya chuma vinavyogusana, mamia kwa mamia. Kimoja kikichafuka tu, mashine nzima inanuna. Zéphirin peke yake ndiye aliyejua inanuna kwa nini.

Mwaka 1992 mnaujua, sina haja ya kuwafundisha. Watu wenye asili ya Kasai waliambiwa waondoke. Milango ilivunjwa. Maelfu walilala stesheni wakingoja treni. Zéphirin hakwenda. Vijana waliokuwa wakizunguka kufukuza watu walikuja cercle kila alasiri kucheza flipa, na msimamizi wa cercle, Nicolas, alikuwa wa ukoo wa Adrienne. Nicolas alimwambia waziwazi: "Shemeji, bale bavijana banapenda ile mashini. Kama inacheza, hakuna muntu atakugusa."

Ndiyo hivyo, wasikilizaji wapendwa. Mashine ikicheza, Zéphirin, mkewe na watoto wao watatu wanabaki nyumbani. Mashine ikifa, wanaenda stesheni. Nasema tena ili anayefungua redio sasa hivi aelewe: maisha ya watu watano yalitegemea flipa.

Mwezi wa kumi mashine ikaanza kuchoka. Vikono vilisukuma mpira kwa uvivu, namba za pointi zikakwama katikati. Zéphirin akafungua. Alisafisha vipande vya mgusano kimoja kimoja kwa karatasi ya mfuko wa simenti. Alilehemu upya nyaya za bobini. Alifuata waya mmoja mmoja kwa taa ya kupimia, kutoka kwenye transfoma mpaka kwenye kengele. Siku nne nzima alitafuta ugonjwa ndani ya mashine na hakuuona.

Siku ya tano ndipo alipopima umeme wa ukutani. Badala ya volti mia mbili na ishirini, alikuta mia na sitini. Mashine ilikuwa nzima kabisa. Umeme wenyewe ndio uliokuwa mgonjwa. Msimcheke. Fundi wa Likasi apime ukuta kwa nini, na bwawa la umeme la Koni liko pale, tangu utoto wake linazungusha mitambo? Hata mimi nisingepima.

Alifanya alichoweza. Alifungua transfoma akapunguza mizunguko ya waya upande umeme unakoingia, ili umeme ule dhaifu utoke na nguvu zaidi. Fyuzi nazo hazikuwa zikipatikana mjini. Akafunga uzi wa shaba mahali pa fyuzi, uzi usiokatika umeme ukizidi. Flipa ikalia kama zamani, vijana wakapiga makofi. Nyumbani, anaandika Laure, mama yake aliuliza swali moja: siku umeme mzuri ukirudi, itakuwaje? Baba akamjibu bila kuinua kichwa: "Hautarudi, Mama Laure. Hapa hakuna kitu kitarudi."

Nani angembishia? Mimi nilifikiri vile vile. Nyinyi pia.

Umeme ulirudi mwezi wa tatu wa 1993, siku ya Jumamosi, mchana. Huko kwenye laini walikuwa wametengeneza kitu, sijui nini, na umeme ukaja mzima. Mtaa ulishangilia, watu walitoka nje kuonyeshana balbu zinavyong'aa. Laure anasema baba yake alikuwa akinyoa ndevu. Aliona balbu ya chumbani imekuwa nyeupe. Akatupa wembe, akakimbia na sabuni usoni, barabara nzima, huku watu wakidhani amechanganyikiwa kwa furaha.

Alichelewa. Flipa ilikuwa imecheza kwa nguvu ambazo hakuna aliyewahi kuziona, mpira ukigonga kioo, vijana wakipiga kelele izidi. Hakuna aliyechomoa waya wa ukutani. Bobini ziliungua zote pamoja, na transfoma nayo. Zéphirin alikuta moshi. Kijana mmoja akasema amefanya makusudi. Nicolas alijua si kweli. Wiki iliyopita ameniambia mwenyewe kwamba alijua. Lakini siku ile hakumwita tena shemeji. Alisema tu: "Kalonji, enda ku gare."

Wakaenda stesheni siku ile ile. Kaka zake Adrienne walimsihi abaki, yeye ni wa hapa, nani atamgusa. Alibeba sufuria na mtoto mdogo, akamfuata mumewe. Walikaa huko kama wiki nane chini ya turubai. Zéphirin hakuwalaumu vijana wala Nicolas. Aliwaambia waliolala karibu naye: "Kosa ni yangu. Ningepima courant ya ukuta kila asubui." Laure ameyaandika, na yananiuma kila ninapoyasoma. Katika yote yale, mtu huyu alitafuta kosa lake tu.

Wiki ya saba aliharisha siku tatu, akafa. Treni ilifika baada ya siku tisa. Adrienne akapanda na watoto kwenda nchi ambayo mumewe hakuwahi kuiona, wala yeye.

Laure anaandika kwamba asubuhi ya maziko mama yake alituma tangazo la msiba redioni. Walingoja makaburini mpaka saa kumi na nusu. Hakuja mtu. "Mpaka leo," anasema, "Mama anaamini Likasi yote ilisikia, ikakataa kuja."

Mama Laure, Likasi haikusikia. Karatasi yako niliipokea mimi. Nilikuwa zamuni asubuhi ile. Niliona jina, nikaona neno stesheni, nikaogopa wale vijana wa kufukuza watu, waliosimama nje ya lango la redio. Nikasoma matangazo mengine yote. Lile lako nililitia mfukoni.

Pole, mama. Pole, Laure, wewe na wadogo zako. Sijui kama kuna dawa ya jambo hili, na sidhani. Nanyi wasikilizaji wapendwa, wa kiwandani, wa kwaya, jirani zake, kila mmoja ajiulize akiwa peke yake: lingesomwa siku ile, ningekwenda? Msinijibu mimi.

Karatasi ninayo. Naisoma kama ilivyoandikwa.

"Familia Kalonji inatangaza kifo cha Zéphirin Kalonji, mume wa Adrienne, baba wa watoto watatu. Mwili uko stesheni. Wanajulishwa wenzake wa kazi, wanakwaya wa parokia, na majirani wote. Maziko ni leo, saa nane mchana. Tunawangoja."