Fundi Presha na Kiti Alichokikataa

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti mkae. Leo kukaa kuna maana yake, mtaona wenyewe. Tunamkumbuka Fundi Presha, aliyetutoka wiki iliyopita akiwa na miaka sitini na sita. Fundi Presha alitengeneza vijiko vidogo, ile mitambo ya kuchimbia mitaro inayopita hata kwenye geti la nyumba. Jina hilo alipewa na madereva. Mtambo ukigoma, swali lake lilikuwa moja tu: presha inasomaje? Dada yake anasema hata mtoto akilia ndani, kaka yake aliuliza hivyo hivyo.

Alikuwa bingwa, tusimpunje. Aliweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye pampu, mpini sikioni, akafumba macho. Kisha akasema pampu inavuta hewa, kazeni mpira wa chini. Ukikazwa, kazi inaendelea. Mafuta yakivuja hakuyatafuta kwa mkono, maana mafuta yenye presha hupenya ngozi. Alipitisha kipande cha boksi na kuangalia wapi kinalowa.

Ila alikuwa na neno lake, wasikilizaji. Fundi haketi. Kwenye kiti cha mtambo anaketi dereva, fundi husimama. Akitaka kuwasha, aliingiza mkono kutoka nje, akageuza ufunguo, akasukuma vishikio akiwa wima. "Maringo tu," anasema mkewe.

Huyo mkewe ni fundi cherehani. Mkumbukeni, maana siri ya mtungi aijuaye kata, na kata ndiye huyu mama.

Miaka kumi na tisa iliyopita, mkandarasi aliyekuwa akichimba mtaro wa maji wa shule alileta kijiko kilichopasuka mpira wa mafuta. Dereva alikizima, akashuka, akaenda likizo. Fundi Presha akabadilisha mpira, akaongeza mafuta, akawasha. Injini ikanguruma vizuri. Mkono wa mtambo haukusogea hata inchi moja.

Akabadilisha chujio. Haukusogea. Akatoa hewa kwenye mfumo. Haukusogea. Siku ya pili akaifungua pampu yote, akaitandaza juu ya shuka ambayo mkewe alikuwa akiitafuta nyumbani. Pampu ilikuwa nzima. Mkandarasi akamwambia kwa upole kwamba Jumamosi saa sita mchana atakipeleka kijiko kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Fundi huyo alifundishwa kazi na Presha mwenyewe, na siku kama hiyo alikuwa ameisubiri kwa hamu. Presha hakulala wala hakula. Jina lote alilolijenga kwa miaka ishirini lilikuwa linaondoka juu ya lori.

Jumamosi saa nne mkewe akaleta chai. Pampu ilikuwa imerudishwa, injini inanguruma, mkono umelala chini, na koti la fundi limetundikwa kwenye meno ya kijiko kama kawaida yake. Mama wa watu miguu inamuuma. Kila benchi lina mafuta. Kiti safi kilikuwa kimoja tu, nacho ni cha mtambo. Akapanda, akaketi. Kando kulikuwa na kijimkono chekundu kilichosimama, kinamchoma kiwiko, akakishusha. Alipoweka kikapu chake, kikagusa kishikio. Koti la fundi likapaa angani.

Kijimkono kile ni cha usalama. Dereva makini anaposhuka hukiinua, ingawa wengi husahau, na mtambo unajifunga usije ukamponda mtu. Ukikaa, utakiona mara moja. Presha alikuwa hajakaa.

Alilitazama koti lake kule juu. Kisha akasema kwa sauti ndogo, "Mama watoto, hili tuzikwe nalo."

Saa sita mkandarasi akachukua kijiko chake na kumsifu fundi. Tangu siku hiyo Presha akawa na sheria mpya, akaifundisha kwa wote: kabla hujagusa spana, keti kwanza. Mafundi wakasema mzee ana hekima. Mkewe akisikia, anainamia cherehani yake, mabega yanamtikisika.

Alipougua, Presha alimwita mkewe. Akamwambia akishafukiwa awaambie mafundi ukweli, kwa kuwa yeye akiwa hai hawezi. Mama akakataa. Alikuwa ameitunza heshima ya mumewe miaka yote hiyo, ataimwaga makaburini?

Siku ya mazishi, mkandarasi yule alileta kijiko kuchimba kaburi. Kaburi likiwa nusu, dereva akashuka kwenda kunywa maji. Wanafunzi wa marehemu wakasema watamalizia wao, kwa heshima ya mwalimu. Wamevaa suti, kiti kina vumbi. Mkubwa wao, yule wa ng'ambo ya barabara, akaingiza mkono kutoka nje, akawasha. Mkono wa mtambo haukusogea. Mmoja akasema ni chujio. Mwingine akasema ni pampu. Wa tatu akavua koti, akaomba spana.

Mjane akainuka. Akapita katikati yao, akapanda, akaketi, akakishusha kijimkono chekundu. Kisha akawasimulia yote, kuanzia shuka hadi koti.

"Aliniambia ningoje afukiwe kwanza," akasema. "Ila kwa ufundi wenu huu, leo asingefukiwa."

Makaburini watu wote waliangua kicheko. Fundi wa ng'ambo alicheka mpaka akachuchumaa, na hapo chini kicheko kikamgeuka, akalia kwa sauti. Mama akashuka, akampangusa machozi kwa khanga yake.

Kwa mama, watoto, dada na mafundi wote, tunasema poleni sana, Mungu awape subira. Nawe msikilizaji, kama kuna jambo limekugomea nyumbani au kazini, na umekwisha kulifungua lote hadi nati ya mwisho, tafakari leo. Uliketi kwanza?