Leokadia na Filamu Zake za Kuimba na Kuchekesha

Ndugu waombolezaji, mimi ni Vedasto, mdogo wa marehemu, na familia imeniomba niwasomee maisha yake hapa Guangzhou, kabla hatujamsafirisha kwenda Bukoba.

Dada Leokadia alizaliwa Kashai, Bukoba, tarehe 9 Septemba 1972, akasoma shule ya msingi hapohapo kuanzia 1980 hadi 1986, kisha sekondari Mwanza, alikomaliza mwaka 1990, na baadaye akafungua duka la vifaa vya shule. Tarehe 12 Julai 1997 alifunga ndoa na Jovin, wakajaliwa binti mmoja, Benedicta, mwaka 1999, na Jovin akatutoka mwaka 2006.

Mwaka 2009 alikuja huku China kununua midoli na madaftari kwenye maduka ya jumla ya barabara ya Yide Lu, akapanga chumba mtaa wa Sanyuanli, na miaka miwili baadaye mwenye duka mmoja akampa zawadi ya boksi la diski za filamu za zamani za Kimarekani, za kuimba na kuchekesha, si zile zinazojulikana na kila mtu, bali zile zilizosahauliwa, ambamo mpishi hujifanya tajiri, wapenzi hukosea milango, na ugomvi wote huishia watu wakicheza. Mimi nilizidharau, nikamuuliza zina faida gani, akanijibu, "Vedasto, humo hakuna mtu anayebaki mbaya hadi mwisho, niache nikae nao kidogo."

Aprili 2020, tulipofungiwa ndani kwa karantini, Careen, Mtanzania mwenzetu aliyekuwa akisomea udaktari hapa, alikuwa peke yake bwenini, amekata tamaa na ameacha kula, basi dada akawa anampigia simu kila mchana, akimsimulia filamu moja kwa Kiswahili, akiimba sehemu zote, za kiume na za kike, na akifika penye utamu anasema, "Nenda kale kwanza, nakungoja." Careen alikula, akahitimu mwaka 2023, na leo ameketi pale mbele.

Februari 2025 dada aligundulika kuwa na saratani ya kongosho, akalazwa mara tatu, na Careen ndiye aliyetutafsiria maneno ya madaktari, hata yale mazito. Tarehe 2 Novemba dada aliniomba nitazame naye filamu moja, nikakubali ili kumridhisha tu, lakini mcheza dansi alipotumbukia kwenye keki huku akiendelea kuimba, nilicheka mpaka muuguzi akaja kuangalia kuna nini, na dada akanishika mkono, akasema, "Umechelewa miaka kumi na minne, lakini karibu."

Alifariki tarehe 6 Novemba 2025, saa nne asubuhi, mimi na Benedicta tukiwa kando yake.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Sanyuanli mliotuletea chakula, na wafanyabiashara wenzake wa Yide Lu mlioacha shughuli zenu ili mje kumuaga.

Dada Leokadia, umetuchekesha vya kutosha, sasa pumzika kwa amani.