Kiti cha Bibi Mwanzo

Kijiwe chetu ni ubao mmoja juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kutengeneza redio, ukivuka barabara tu unaingia kanisani. Jumamosi hiyo asubuhi tulikuwa wanne, wote wa umoja wa vijana. Profesa, fundi cherehani asiyekosa la kusema, alikuwa akishona utepe mwekundu wa kupambia kiti cha mgeni wa heshima. Besi wa kwaya alishika birika la kahawa. Dada Ratiba, katibu wetu, alikuwa na daftari lake magotini. Mimi ndiye mpiga kinanda. Kesho yake ilikuwa Jumapili ya Wazee, sherehe tuliyoibuni wenyewe, na mgeni wa heshima, Bibi Mwanzo, alikuwa hajaonekana ibadani Jumapili tatu mfululizo. Tunamwita hivyo kwa sababu ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo zote, bila kitabu, tangu sisi hatujazaliwa.

Besi: Mimi nasema ni magoti. Zile ngazi za kanisa si mchezo.

Profesa: Magoti gani? Juzijuzi tu alipanda juu ya benchi kufunga dirisha. Wamemchukua wale wa kanisa la ng'ambo. Wamempa na kipaza sauti chake mwenyewe.

Dada Ratiba: Bibi na kipaza sauti wapi na wapi? Yule akikohoa tu, mtu wa mlangoni anavua kofia.

Profesa: Basi ni mgomo. Nisikilizeni. Ameanza yeye, watafuata wazee wenzake, na ikifika Krismasi tumebaki wenyewe, hakuna anayejua ubeti wa tatu wa wimbo wowote.

Besi: Mbona wameshaanza? Jumapili iliyopita safu za mbele, za wazee, zote kimya. Nikadhani wanasikiliza kinanda.

Mimi: Walikuwa hawafiki. Bibi alikuwa akianzia sauti ya chini ili wenzake waweze. Mimi napiga juu, kama ilivyoandikwa kitabuni.

Profesa: Ndiyo maana kinanda kilizimika katikati ya ibada. Bibi yuko kwake amepiga magoti, anakiombea kife.

Mimi: Nilikifungua. Nilikuta sisimizi kwenye fyuzi.

Profesa: Na huyo sisimizi alitumwa na nani?

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza. Niliweka kikombe chini.

Mimi: Bibi nilimfukuza mimi.

Dada Ratiba: Hukumfukuza, kaka. Kikao kilipitisha. Hii hapa, imeandikwa: kumpumzisha Bibi kwa heshima.

Mimi: Mdomo ulikuwa wangu. Nilimwambia, Bibi, umefanya kazi kubwa, sasa pumzika, kinanda kipo. Mkapiga makofi. Akakunja miwani yake kwenye leso, akaniambia asante, mjukuu wangu.

Besi: Si alitabasamu lakini?

Mimi: Wewe ungefanyaje, kanisa zima linakutazama?

Hapo ndipo mkokoteni uliposimama mbele yetu, umejaa viti vya plastiki vya kesho. Mwenye mkokoteni alikuwa mgeni mtaani. Alijifuta jasho, Besi akammiminia kahawa, naye akauliza kiti kilichokuwa kikipambwa ni cha harusi ya nani.

Profesa: Si harusi. Ni cha bibi yetu. Kesho tunamheshimu, akija; wiki tatu hajaonekana kanisani.

Mwenye mkokoteni: Hongereni. Mwenyewe anajua?

Dada Ratiba: Tumetangaza kanisani mara tatu.

Mwenye mkokoteni: Si nimesikia mkisema haji kanisani?

Dada Ratiba alifunga daftari.

Mwenye mkokoteni: Haina shida. Nikishusha viti nitapita kumwambia. Anakaa nyumba ipi?

Besi alimtazama Profesa. Profesa alitazama sindano yake. Dada Ratiba alinitazama mimi. Msiba wa baba yake Besi, Bibi alilala pale siku saba. Dada Ratiba alipojifungua, Bibi ndiye aliyemfulia nepi. Mimi nilipougua homa alikuja na uji kila jioni, akibisha mlango kwa fimbo. Nyumba zetu zote alikuwa akizijua. Yake hakuna kati yetu aliyeijua; tulikuwa tukimwona akishafika. Niliona aibu, na zaidi ya aibu niliogopa, maana wiki tatu kwa mtu wa umri ule ni nyingi.

Mwenye mkokoteni: Au ni mbali?

Besi aliinamisha birika ili apate la kufanya. Lilitoka tope tu. Nikasimama, nikafunga kibanda, na Jumamosi ndiyo siku yangu ya kazi nyingi.

Dada Ratiba: Tunaanza kumuulizia kwa nani?

Mimi: Kwa mzee yeyote aliyekuwa kimya Jumapili iliyopita.