Aliyegonga Vioo vya Malori

Marehemu baba yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni ya reli. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966 katika shule iliyopakana na karakana ya malori. Mwenyewe alikiri kwamba hesabu nyingi zilimpita akichungulia dirishani.

Mwaka 1973 alipata leseni, akaanza kuendesha lori la saruji. Alipokwenda kuposa, Juni 1978, alikwenda na lori hilohilo, na kwa kuwa starta ilikuwa mbovu, aliliacha linanguruma mlangoni muda wote wa mazungumzo. Mama mkwe wake alitoka nje akikohoa, akauliza, "Huyu amekuja kuoa au kutoroka?" Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba mwaka huohuo, na bibi hakuacha kumtania hadi mwisho wa maisha yake.

Kilichombadilisha kilitokea asubuhi ya tarehe 22 Agosti 1996, kwenye foleni ya kupakia saruji. Mvua ilikuwa ikinyesha. Baba alikwenda kumwita rafiki yake, dereva waliyemwita Kipara, wakanywe chai. Alikuta vioo vimefungwa na injini inanguruma, akajiambia mwenzake amejipumzisha, hana neno, akarudi zake. Alipokuja tena baada ya saa moja, injini bado ilinguruma, ila Kipara hakuwa na uhai. Ekzosi, bomba la kutolea moshi, ilikuwa imetoboka chini ya kiti, na moshi wote uliingia ndani.

Tangu siku hiyo baba aliishi na hofu. Kila alipofika kwenye foleni aliteremka kabla hata ya kunywa maji, akapita lori moja baada ya jingine, akigonga vioo na kuwaomba wenzake wazime injini. Wakampa jina la Mzee Gonga. Wengine walimfokea kwamba anawaharibia usingizi. Hawakujua alivyoogopa kila aliposubiri kuitikiwa. Mama ndiye aliyejua.

"Siku moja mtu hataitika," baba alimwambia, "na mimi nitakuwa nimechelewa tena."

Alistaafu mwaka 2011, lakini asubuhi aliendelea kwenda kwenye foleni kugonga vioo. Mapafu yalianza kumsumbua Januari 2022. Wodini, kila jenereta ilipowashwa alishtuka, akauliza nani amepita kwenye foleni leo. Tulimdanganya kwamba mlinzi wa geti anapita. Alifariki tarehe 9 Juni 2022, saa nne asubuhi, mama akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu saba. Kitinda mimba wetu ni dereva kama yeye. Jana mchana, baada ya kushusha viti vya msiba, alifunga vioo kwa ajili ya vumbi, akalala ndani ya lori huku injini inanguruma. Sote tulipita tukiisikia, na hakuna aliyeshtuka. Mama ndiye aliyesimama, akagonga. Aligonga mara tatu ndipo kioo kikafunguka.

Apumzike kwa amani baba yetu. Kuanzia leo, kugonga ni kazi yetu.